Jinsi ya Kuvaa Barakoa Kibaha na Kisarawe Bila Kuitwa Kujieleza

Mwongozo huu umeandaliwa kwa ajili ya mkazi wa Mkoa wa Pwani mwenye pua moja, mapafu mawili na majirani wengi. Kama unaishi Maili Moja, Kwa Mathias, Mlandizi, Kiluvya, Minaki au Maneromango, na siku moja ukaamka na sababu yako ya kufunika pua na mdomo, usome hadi mwisho kabla hujafungua mlango. Huko nje hakuna sheria itakayokuzuia. Kuna watu.

Sheria ikikukataza jambo, angalau unajua inapokaa: ina namba, ina mwaka, na wakili akilipwa ataibishia. Watu hawana namba. Wana swali moja tu, "Vipi, unaumwa?", nalo hurudiwa kutoka stendi hadi sokoni mpaka unaivua barakoa mwenyewe, kwa hiari yako, huku Katiba ikikutazama. Haki ya kuivaa haijawahi kuuawa na marufuku. Inachoshwa na maswali. Hatua zifuatazo zitakusaidia kuyapita.

Hatua ya 1: Hakikisha haki unayo, kisha iache nyumbani

Fungua Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977. Ibara ya 14 inakupa haki ya kuishi na ya kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yako. Ibara ya 16 inalinda nafsi yako na maisha yako binafsi. Ibara ya 30 inaruhusu haki hizo ziwekewe mipaka, ila kwa sheria, na miongoni mwa sababu zinazokubalika ni afya ya jamii. Kwa lugha ya stendi: anayetaka kukuvua barakoa aje na sheria iliyotungwa, asije na sauti iliyopanda. Usihangaike kulitafuta neno "barakoa" humo ndani. Halimo. Suruali nayo haimo, na watu wanavaa.

Sasa fungua Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Hii ina la kusema kuhusu nyuso zilizofichwa: inamtia hatiani anayekutwa amejifunika au kujibadili sura kwa nia ya kutenda kosa. Kinachoshtakiwa hapo ni nia. Kwa hiyo usivae barakoa saa nane za usiku nyuma ya duka la mtu ukiwa umeshika mtarimbo. Lakini saa nne asubuhi, kwenye foleni ya hospitali ya Tumbi, ukiwa na daftari la kliniki na kifua kinachobana, nia yako ni kumwona daktari. Hilo si kosa, ingawa urefu wa foleni unaweza kukufanya ujione uko kifungoni.

Ongeza Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, inayozipa mamlaka nguvu za kudhibiti magonjwa ya kuambukiza. Mamlaka ikiamua kesho kwamba wote tuvae, ina pa kushika. Ikinyamaza, hakuna kifungu kinachosema ukimya wake ni amri ya kuvua.

Ukishayaelewa hayo yote, kunja karatasi, ziweke kabatini, toka. Abiria anayemsomea konda Ibara ya 16 huteremshwa kabla ya kituo chake.

Hatua ya 2: Angalia tarehe

Vitabuni haki hii haijasogea hata kidogo. Mitaani imekuwa na misimu kama embe, na msimu umekuwa ukitangazwa kwenye taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kabla hujavaa, jiulize uko mwaka gani.

Ukijikuta Machi 2020, vaa haraka. Tarehe 16 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, ametangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, aliyeingia kupitia Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Shule zinafungwa, na mafundi cherehani wanagundua kwamba vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye magauni ni mtaji. Mwezi unaofuata mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam anaagiza watu wake wavae. Agizo la mkoa mmoja halina nguvu katika mkoa mwingine, kwa hiyo abiria wa Mbezi kwenda Kibaha akishaipita Kibamba anaingia katika mamlaka mpya akiwa na pua ileile.

Ukijikuta Mei 2020, punguza mwendo. Tarehe 3, akiwa Chato, Rais John Magufuli anaeleza kwamba sampuli za papai, mbuzi na fenesi zilipelekwa maabara kwa majina ya binadamu, na baadhi zikarudi na korona. Kuanzia hapo mvaa barakoa sokoni anaonekana anayaogopa matunda. Takwimu za taifa zinasimama kwenye wagonjwa 509 na kubaki hapo kwa zaidi ya mwaka. Maradhi mengine yangeiga nidhamu hiyo, tungefunga zahanati. Juni nchi inatangaziwa kwamba korona imeondoka kwa nguvu za maombi, na barakoa inahamia kwenye droo moja na kadi za michango ya harusi zilizopitwa na wakati.

Ukijikuta Februari 2021, jihadhari sana. Matangazo ya vifo yamejaa "changamoto ya upumuaji". Nyungu zinachemka uani, mchaichai na mwarobaini vimepanda hadhi. Tarehe 17 anafariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimeshaeleza kwamba ana korona. Siku nne baadaye, akiwa kanisani Oysterbay, Rais anasema hajakataza barakoa, ila watu wajihadhari na zinazotoka nje, wapendelee zilizotengenezwa nchini. Isome tena taratibu. Mkuu wa nchi mwenyewe amethibitisha kwamba hazijakatazwa. Mvaa barakoa hakuwahi kupata kauli iliyo wazi kuliko hiyo, na karibu kila mtu aliisikia kinyume, kwa sababu watu wetu hawasikilizi kiongozi amesema nini. Wanatazama amevaa nini.

Ukijikuta Aprili 2021, rudi kwenye droo. Rais Samia Suluhu Hassan ametangaza kuunda kamati ya wataalamu, na siku chache baadaye picha zinatoka Uganda akiwa ameivaa. Tarehe 28 Julai anachanjwa hadharani. Wale waliokuwa wakikucheka wanataka kujua ya kwako umeiweka wapi.

Na ukijikuta leo, pole. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura tarehe 5 Mei 2023. Hakuna anayeagiza, hakuna anayekataza. Hiki ndicho kipindi kigumu kuliko vyote, maana sasa unavaa kwa akili zako mwenyewe, na akili za mtu binafsi hazina muhuri.

Hatua ya 3: Chagua sababu kutoka kwenye orodha iliyoidhinishwa

Kisheria huhitaji sababu. Kijamii unahitaji moja, na inapaswa kuwa fupi. Madaraja ni haya.

Daraja la kwanza ni vumbi. Hakuna atakayekubishia. Barabara ya Morogoro inapita katikati ya Kibaha, na malori ya Zambia, Kongo na Rwanda yanapumua hapo kabla yako. Upande wa Kisarawe, vilima vya Pugu vina kaolini, udongo mweupe unaokaa kwenye nyusi kama umri, na njia za ndani za kwenda vijijini humpaka abiria wa bodaboda rangi ya matofali. Tamka "vumbi", na mwenzako atajibu, "Kweli bwana, limezidi." Vumbi halina chama wala halina aibu.

Daraja la pili ni mafua. Yanakubalika kwa siku tatu. Ya nne utaulizwa kama umepima, na hawatasema umepima nini.

Daraja la tatu ni pumu. Hapa utaaminiwa, lakini utalipia kwa kusikiliza tiba: asali, vitunguu swaumu, na namba ya simu ya mzee mmoja wa Mzenga.

Daraja la nne ni kifua kikuu. Hapa ndipo barakoa ina kazi kubwa, na hapa ndipo ni mwiko kuitaja. Shirika la Afya Duniani linaihesabu Tanzania miongoni mwa nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huu. Vimelea huruka hewani mgonjwa anapokohoa. Barakoa usoni mwake hupunguza vinavyotoka, na akianza dawa zinazofaa na kuzimeza bila kuruka, uwezo wake wa kuambukiza hushuka haraka. Kwa hiyo anayekohoa akajifunika ameifanyia hisani siti nzima. Malipo yake ni siti nzima kumhama. Anayekohoa bila kujifunika hukaa kwa raha katikati ya wenzake, akigawana nao kila alichonacho.

Daraja la mwisho ni "najikinga tu". Usithubutu. Masikioni mwa watu linasomeka "ninyi ni wachafu".

Kwa wanaopenda sheria, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na Tume yake ilizinduliwa rasmi Aprili 2024. Mwajiri, hospitali au kampuni inayozikusanya ina masharti ya kufuata. Abiria wa siti ya nyuma hajasajiliwa popote, naye hukusanya haraka kuliko wote.

Hatua ya 4: Chagua barakoa

Ya kitambaa inafuliwa na inapendeza. Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri iwe na tabaka tatu. Fundi wako atakuwekea moja na kukuhakikishia kwamba kitenge ni kizito. Kazi yake kubwa ni kuzuia mate yako yasimfikie jirani.

Ya upasuaji, ile ya bluu, imetengenezwa itumike mara moja. Kwetu hutumika hadi kamba ikatike, kisha hufungwa fundo.

N95 ndiyo inayochuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana za hewani, nayo ndiyo wanayovaa wahudumu wanaokaa na wagonjwa wa kifua kikuu. Sharti ibane uso pande zote. Ndevu nyingi huipa hewa uchochoro.

Kuna aina ya nne, ya kuazima. Wakati wa korona watu walipokezana barakoa moja mlangoni mwa ofisi: anayetoka anaivua, anayeingia anaivaa, amri imetimizwa na mate yamehifadhiwa. Usiifufue mila hii.

Mwisho, mahali pa kuivaa. Kidevu hakipumui. Utafiti wa kulithibitisha hilo hauhitajiki; tumia kioo.

Hatua ya 5: Panda daladala

Iwe umetoka Kituo cha Magufuli pale Mbezi kwenda Kibaha, au Gongo la Mboto kwenda Kisarawe, kanuni ni moja: kaa dirishani na lifungue. Dirisha lililo wazi huifaa gari nzima. Barakoa hukufaa wewe na wa karibu yako. Tatizo ni kwamba jirani yako ametoka saluni, na upepo utamharibia nywele za gharama. Mkubaliane. Dirisha nusu ni bora kuliko kulumbana na mtu mtakayekaa naye hadi Maili Moja.

Swali litakuja kabla gari halijajaa. Jibu bila kusita:

"Dada, unaumwa?"

"Vumbi, anko."

"Mbona humu hakuna vumbi?"

"Linakuja."

Kisha tazama nje. Usicheke wala usieleze. Ukiongeza sentensi ya pili umeanzisha mjadala, na daladala za Pwani hazijawahi kukosa mjumbe.

Konda ni suala la kiufundi. Sauti iliyochujwa na tabaka tatu haimfikii aliyening'inia mlangoni akiita abiria. Andaa nauli kamili, mguse bega, mwonyeshe. Ukikaribia kituo, iteremshe barakoa, piga kelele "shusha!", ipandishe. Ukisema "shusha" ukiwa umejifunika, kuna hatari konda akajibu, "Hata mimi naona uishushe tu, mama."

Hatua ya 6: Mkabili mlinzi wa mlangoni

Mlinzi huyu ni yuleyule. Mwaka 2020 alisimama hapa na ndoo ya maji tiririka na kipimajoto chenye umbo la bastola, na asiye na barakoa hakuingia. Leo amesimama palepale, na mwenye barakoa haingii. Yeye hajabadilika hata kidogo. Alipewa maneno mengine.

Usimgombeze, maana katika hili ana nusu ya hoja. Benki inataka kamera ikuone, na mwenye fedha zake humo ndani anataka hivyohivyo. Kwa hiyo iteremshe, tazama kamera kama unayeidai, mwache mlinzi alinganishe sura na kitambulisho, ipandishe. Kutambuliwa kunachukua sekunde chache. Dakika arobaini za foleni zinazofuata ni zako na pua yako. Akisema "utaratibu hauruhusu", muulize kwa upole utaratibu huo umeandikwa wapi. Uliza mara moja tu. Mara ya pili ataitwa meneja, ambaye naye atasema "utaratibu", ila akiwa na tai.

Kwa wakala wa fedha za simu hakuna hoja hata ya robo. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, na kidole hakivai barakoa.

Kwa askari, fuata kanuni ileile: akitaka kujua wewe ni nani, onyesha uso na kitambulisho bila kinyongo. Ni haki yake kukutambua akiwa kazini. Usijaribu kumchekesha kwa kumkumbusha kwamba nchini mwetu kuna watu ambao hata wakiwa na nyuso wazi huitwa wasiojulikana. Ni kweli, lakini si mahali pake.

Hatua ya 7: Kazini, dai barakoa badala ya maziwa

Kibaha imekuwa mji wa viwanda, na hapa haki yako inapanda cheo: inakuwa wajibu wa mtu mwingine. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga palipo na hatari, na vumbi linalovutwa kila siku kwa miaka ni hatari hata kama halikuangushi leo. Saruji, mbao, nafaka, mchanga, vyote vina chembe ndogo zinazoshuka hadi ndani kabisa ya mapafu na kukataa kurudi.

Katika sehemu nyingi za kazi utakuta barakoa nzuri sana, ndani ya boksi, ndani ya kabati, kwenye ofisi ambayo ufunguo wake anao mtu aliyesafiri. Siku ya ukaguzi mtu huyo hurejea. Siku nyingine utapewa maziwa, kwa imani ya muda mrefu kwamba yanasafisha vumbi kifuani. Yapokee, ni chakula. Lakini fahamu kwamba maziwa yanaelekea tumboni na vumbi limeelekea mapafuni, na hawakutani njiani.

Kama umejiajiri kwenye karakana ya useremala au mashine ya kusaga, mwajiri wako ni wewe. Mwandikie barua kali.

Hatua ya 8: Nenda msibani

Hapa ndipo wengi huivua, na usiwalaumu. Kuvaa barakoa chini ya turubai la msiba, hasa ule mwaka wa changamoto za upumuaji, kulikuwa sawa na kuandika cheti cha kifo bila kuwa daktari. Familia imesema marehemu alikuwa na presha. Wewe umekuja na uso unaosema mengine. Wakati ule wapo walioiacha nyumbani kwa heshima ya wafiwa, na heshima hiyo ikaandaa turubai jingine mtaa wa pili.

Ukifika, kaa nje, penye mwembe na upepo. Hewa inayotembea ni rafiki wa mvaa barakoa na wa asiyevaa. Sinia la pilau likija kwa watu watano, ni lazima uivue, kwa sababu hakuna aliyegundua njia nyingine. Kaa pembezoni, kula bila hotuba, rudi mwembeni.

Kisha atakuja bibi wa ukoo, ambaye hadanganyiki kwa neno "vumbi".

"Mwanangu, mbona umejifunga hivyo? Tumekukosea nini?"

"Shikamoo bibi. Hamjanikosea kitu. Nina kikohozi, naogopa kuwaachia."

Atakuombea dua. Hili ndilo jibu pekee katika mwongozo huu ambalo ni adabu na sayansi kwa pamoja: barakoa ya kawaida huwasaidia waliokuzunguka kuliko inavyokusaidia wewe. Angalizo moja: litumie ukiwa na kikohozi kweli. Mabibi wa Kisarawe hurudi kukujulia hali.

Hatua ya 9: Kijiweni, hamishia mjadala ng'ambo

Penye kahawa na bao hakuna haki inayopita bila kukaguliwa. Wakikubana, usijitetee. Wape habari za nchi za watu, wataacha kukutazama wewe.

Waambie Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2010 kwamba anayeficha uso hadharani atozwe faini hadi euro 150, kukiwa na msamaha kwa sababu za kiafya. Miaka kumi baadaye, korona ikiwa imepamba moto, ikamtoza euro 135 aliyeuacha wazi mahali palipoamriwa kufunikwa. Waambie Hong Kong ilipiga marufuku barakoa Oktoba 2019 kwa sababu ya maandamano, na mwaka uliofuata ikaziamuru kwa sababu ya virusi. Waambie jimbo la New York lilikuwa na sheria dhidi ya kujifunika uso tangu mwaka 1845, likaifuta mwaka 2020, na Agosti 2024 kaunti moja ya jimbo hilohilo, Nassau, ikaweka yake: faini ya hadi dola 1,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, isipokuwa kwa sababu za afya au dini. Sasa huko watu wanajadili polisi atajuaje kifua cha mtu kinabana au hakibani. Kwa jirani zetu Kenya, mwaka 2020, ilikuwa kinyume: asiyevaa alitishiwa faini ya shilingi 20,000 za kwao au miezi sita jela.

Kisha uliza kijiwe: na hapa kwetu, imewahi kuwapo sheria ya kumkataza mgonjwa kujifunika, au hata kuhitajika? Haijawahi. Akina mama wetu wa Pwani wanaovaa nikabu hupita mbele ya kijiwe hiki kila siku, na hakuna anayewauliza wanaumwa nini. Tulishakubali zamani kwamba uso ni wa mwenyewe. Tumebaki kumtilia shaka mwenye kikohozi.

Mcheshi wa kijiwe akisema barakoa ni woga, msimulie ya Manchuria. Mwaka 1910 tauni ya mapafu ilipozuka kaskazini mashariki mwa China, daktari kijana Wu Lien-teh alishikilia kwamba ugonjwa unaambukiza kwa hewa, na akataka wahudumu wavae barakoa za shashi na pamba. Daktari Mfaransa aliyemzidi umri na cheo, Gérald Mesny, alimdharau, akaenda kuwaona wagonjwa uso wazi. Januari 1911, siku chache baadaye, alikuwa amekufa kwa tauni hiyohiyo. Simulia bila kushangilia, kisha agiza kahawa. Itabidi uivue ili unywe, na watacheka. Cheka nao.

Hatua ya 10: Sasa ni zamu yako

Kikohozi kitapona, mvua zitalaza vumbi, nawe utarudi kuwa mtu wa kawaida mwenye uso wake wote. Ndipo hatari halisi itakapoanza. Siku moja, kati ya Kongowe na Picha ya Ndege, ataingia mtu amefunika pua na mdomo, akae karibu nawe. Huenda anatoka kliniki. Huenda ana mtoto mchanga nyumbani, au mama anayepata matibabu ya saratani Ocean Road. Huenda ni vumbi tu, na huenda ameamua hivyo tu leo. Utasikia swali linakupanda kooni, maana umeishi nalo muda mrefu, na wenzako kwenye siti watakutazama wakisubiri mmoja wenu aanze.

Meza mate. Sogea kidogo apate nafasi, fungua dirisha, mpokezee nauli umpe konda. Ukishindwa kabisa kukaa kimya, muulize anashukia kituo gani.